Simu ya Kumsomea Mtoto Asiyeona

Wazazi huniuliza wamnunulie nini mtoto asiyeona. Huwajibu waanze na simu waliyo nayo. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu ya bure; itafuteni kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Ikiwashwa, husoma kwa sauti kila kinachoguswa kwenye kioo. Ila chagueni sauti ya Kiswahili, maana ile ya Kiingereza huyavuruga maneno yetu. Kwenye kompyuta ya Windows ipo NVDA, iliyoanzishwa 2006 na Waaustralia wawili wasioona, nayo haiuzwi.

Lakini mtoto anayesikiliza tu hajui “ng’ombe” huandikwa vipi. Braille, zile nukta sita chini ya vidole, isiachwe. Kifaa cha Orbit Reader 20 huinua herufi 20 kwa mara moja, na vitabu vyake hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Hicho, kwa bei yake, tukidai shuleni.