Akhwari wa Mexico: picha ya mshindwa iliyomfunika mshindi

Oktoba 20, 2025 ilitimia miaka 57 tangu mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari aingie Uwanja wa Olimpiki wa Mexico City akichechemea, mguu wa kulia umezungushiwa bendeji. Nafasi aliyoshika nayo ilikuwa ya 57, ya mwisho kabisa. Safari hii kumbukumbu hiyo iliikuta Singida ingali na shangwe. Septemba 15 mwaka huo, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mampando wilayani Ikungi, alishinda marathoni na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Akhwari ni wa Mbulu, mkoa jirani wa Manyara. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa ile nyepesi misuli ilianza kumkaza. Karibu kilomita ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, aligongwa akaanguka chini. Goti likachanika na kuteguka, bega likapiga lami. Akafungwa bendeji, akaendelea. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 waliishia njiani.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alifika kwa saa 3:25:27, giza limeshaingia na watazamaji wengi wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aanze mbio, ilimtuma azimalize. Filamu za Mmarekani Bud Greenspan zikalibeba tukio hilo duniani kote. Wakinukuu jibu hilo, wasimuliaji wengi hutaja maili 5,000, wengine 10,000. Ukitazama ramani, hao wa pili ndio wanaokaribia ukweli, lakini ile 5,000 ndiyo iliyoota mizizi.

Leo ni wachache wanaoweza kukueleza sura ya Wolde. Ya Akhwari inajulikana. Mwaka 1983 alipewa nishani ya shujaa wa taifa, mwaka 2000 akaalikwa Sydney, na mwaka 2008 akawa balozi wa michezo ya Beijing.

Hata hivyo picha hiyo imemdhulumu kidogo. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Nani anaikumbuka Edinburgh? Tumelipenda jeraha lake kuliko miguu yake, na taifa limejizoesha kusifu moyo wa kumaliza pale lilipopaswa kuuliza maandalizi yalikuwaje.

Baada yake walikuja Filbert Bayi, Gidamis Shahanga na Juma Ikangaa, ambaye mwaka 1988 aliukosa ubingwa wa Boston kwa sekunde moja. Kisha miaka mingi ya ukame, medali moja moja.

Tokyo imeleta picha nyingine ya mshindwa, na safari hii si wetu. Amanal Petros wa Ujerumani aliongoza hadi hatua za mwisho, Simbu akamfikia, Petros akaanguka kwenye mstari. Wote waliandikiwa 2:09:48, ikabidi kamera iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, ndogo kuliko ile iliyomtenga wa kwanza na wa pili katika mita 100 za wanaume kwenye mashindano hayo hayo. Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini.

Bingwa huyo hufanyia mazoezi yake Arusha. Nyumbani kwao Singida, ukitaja michezo watu wanakimbilia Ligi Kuu na Uwanja wa Liti, zamani Namfua. Hakuna ubaya kupenda soka. Lakini mkoa uliozaa bingwa wa dunia hauwezi kuendelea kumpokea kwa ngoma na shada kisha kumwachia Arusha kazi ya kumpika anayefuata. Kocha wa kudumu na njia nzuri ya kukimbilia havihitaji fedha za kujenga uwanja mpya, na bajeti zijazo za halmashauri zitatuonyesha kama shangwe hii ilikuwa na maana.