Senene wa Kagera

Senene (kwa Kihaya: ensenene, jina la kisayansi: Ruspolia differens) ni wadudu wa jamii ya panzi wanaoliwa na watu wa nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Nchini Tanzania wanajulikana hasa katika Mkoa wa Kagera. Katika wilaya za Bukoba na Muleba ni kitoweo, kitafunio, zawadi ya mgeni na bidhaa ya sokoni. Huko Uganda huitwa nsenene.

Maelezo ya mdudu

Senene ni wa familia Tettigoniidae katika oda Orthoptera. Hutofautiana na nzige kwa vipapasio vyake virefu na vyembamba sana, na kwa kichwa chake chenye ncha. Wengi wana rangi ya kijani au kahawia, na wachache huwa na rangi ya zambarau. Jike ana kiungo kirefu cha kutagia mayai, chenye umbo la upanga. Dume huimba usiku kwa kusugua mabawa yake ya mbele. Chakula chao ni nyasi na mbegu zake, pamoja na nafaka zikiwa bado laini. Huruka kwa makundi makubwa usiku na kuvutwa na mwanga.

Majira

Senene hufuata mvua. Ukanda wa Bukoba, ulio kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na majani huwa mabichi muda mrefu. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba. Msimu mdogo huja wakati wa mvua za masika, hasa Aprili na Mei. Katika Kiganda mwezi wa Novemba huitwa Musenene kwa sababu ya wadudu hao.

Uvunaji wa mkono

Njia ya zamani ni kuwaokota kwenye nyasi alfajiri, kabla jua halijapanda. Saa hizo mabawa yamelowa umande na mwili una baridi, hivyo senene hawawezi kuruka mbali. Kazi hii ilifanywa hasa na wanawake na watoto, nao walitia mavuno yao katika vikapu, vibuyu au mifuko. Haihitaji mtaji wowote ila kuamka mapema na kulijua eneo lenye nyasi.

Uvunaji wa taa

Siku hizi sehemu kubwa ya senene wa biashara hukamatwa kwa mitego ya taa. Mabati mapya yanayong'aa husimamishwa kwa kuegemezwa ndani ya mapipa, na taa zenye mwanga mkali huwashwa juu yake kwa umeme au jenereta. Senene huujia mwanga, hugonga bati, huteleza na kuangukia ndani ya pipa. Wakati mwingine majani mabichi huchomwa karibu na mtego ili moshi uwaleweshe.

Mitego hii hukamata senene wengi kwa usiku mmoja, lakini inahitaji fedha za taa, mabati na mafuta. Kwa hiyo uvunaji umehamia zaidi mikononi mwa wanaume wenye mtaji, na wanawake wengi wamebaki katika kuchambua, kukaanga na kuuza. Familia iliyozoea kuokota bure hulazimika kununua.

Kazi hii ina hatari zake pia. Nyaya zilizo wazi wakati wa mvua zinaweza kuua. Mwanga mkali huumiza macho, na baadhi ya taa hizo zina zebaki, ambayo ni sumu taa inapovunjika. Mwanga huvuta pia wadudu wengine, wakiwemo wale wenye maji yanayounguza ngozi. Wavunaji hushauriwa kuvaa miwani, mikono mirefu na glavu.

Kuchambua na kupika

Senene huchambuliwa kwa kung'oa mabawa, miguu na vipapasio, kisha huoshwa vizuri. Kazi hii huchukua muda, na mara nyingi nyumba nzima huketi pamoja kuifanya. Senene waliochambuliwa huuzwa kwa bei kubwa kuliko wasiochambuliwa.

Hutiwa katika sufuria pamoja na chumvi na maji kidogo, wakachemshwa mpaka maji yakauke. Baada ya hapo hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Mpishi hukoroga bila kuacha ili wasiungue. Wengine huongeza kitunguu na pilipili. Huwa tayari wanapogeuka rangi ya dhahabu na kutafunika kwa mlio. Huliwa kwa ndizi za kupika, au vivi hivi kama karanga.

Wa kuwekwa akiba hukaushwa juani au kwa moshi baada ya kuiva. Wasipokauka vizuri huota ukungu, na mafuta yao huchacha.

Lishe na tahadhari

Senene waliokaushwa wana protini nyingi, takriban asilimia 35 hadi 45 ya uzito wao, na mafuta yanayoweza kufikia karibu nusu ya uzito. Wana pia madini ya chuma na zinki. Kwa kuwa senene na kamba ni jamaa wa mbali, wote wakiwa arithropodi, mtu ambaye mwili wake hukataa kamba anaweza kudhurika kwa senene pia. Mtu huyo asiwaonje bila ushauri wa daktari.

Nafasi katika jamii

Kwa Wahaya, senene ni heshima kwa mgeni na zawadi kwa ndugu walio mbali. Msimu ukifika, vifurushi vya senene hupakiwa katika mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam, na wachuuzi huwauza stendi na sokoni. Katika Buganda kuna ukoo wa Nsenene, ambao watu wake hawali senene kwa kuwa ndiye mwiko wao.

Senene hutegemea nyasi. Kila penye mbuga ya nyasi iliyolimwa, kujengwa au kuchomwa, pamepungua pia mahali pa kuwaokotea alfajiri.