Kitoboajani, si Mende wa Majani

Mende anajulikana Lindi ya hapa Nairobi, anajulikana Kibera nzima na Kawangware pia: ni yule mdudu wa kahawia anayetoka nyuma ya jiko taa ikizimwa. Nilipokuta katika kipeperushi kimoja cha kilimo cha magunia kwamba kunde na sukuma wiki zinashambuliwa na "mende wa majani", nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka. Jina hilo lina harufu ya kamati: watu wamefungua kamusi ya Kiingereza, wakaokota neno moja upande huu na moja upande ule, wakayafunga pamoja na kwenda kunywa chai.

Kosa lao si la urembo wa lugha tu. Watoto wa mende huanguliwa wakifanana na mama yao, ila hawana mabawa. Hawapitii hatua ya pupa. Mdudu anayezungumziwa hupita hatua nne: yai, buu, pupa, kisha mdudu kamili. Tena jina hubeba dawa. Mama mwenye magunia ya mboga mlangoni akiambiwa ana mende, atakwenda dukani kuulizia dawa ya mende, na mboga hiyo ndiyo watakayokula watoto wake na ugali jioni.

Kabila zima la wadudu hawa Kiswahili kililipa jina zamani: mbawakawa. Wako wanaotamka mbawakavu na kulifasiri kuwa ni ukavu wa mabawa. Mimi nasimama na kawa, kifuniko cha ukindu kinachofunika chakula kisiingiwe na nzi. Bawa gumu la mbele la mdudu huyu hulalia bawa laini la nyuma, nalo hilo la nyuma ndilo la kurukia. Aristotle aliona jambo hilo hilo akawaita wadudu hawa kwa maneno mawili ya Kiyunani: koleos, yaani ala ya upanga, na pteron, bawa. Yeye aliona ala, wasusi wa pwani wakaona kawa, na sioni ni kwa nini tuione kawa yetu kuwa duni.

Ndani ya kabila hilo imo familia ya mdudu wetu, Chrysomelidae, iliyopewa jina na Latreille mwaka 1802 kutokana na Chrysomela ya Linnaeus ya 1758. Ina spishi zaidi ya 35,000 zilizoelezwa, na mwanzo wa jina lake ni chrysos, dhahabu. Hapo ndipo mshindani wangu mmoja katika kumtafutia jina aliponasa na "mbawakawa wa dhahabu" wake. Ni kweli wako wanaong'aa hivyo: geuza majani ya viazi vitamu umtafute Aspidimorpha, bapa kama sahani, mwenye ukingo unaopitisha mwanga. Lakini akifa na unyevu wa gamba lake ukakauka, dhahabu yote hupotea. Tena wengi wa jamaa zake ni weusi, buluu au rangi ya kutu. Istilahi inayokufa pamoja na mdudu haifai kufundishiwa.

Neno langu ni kitoboajani. Sikulitoa hewani. Kiswahili kina mtindo wake mkongwe wa kuwaita wadudu kwa matendo yao: kivunjajungu, kifaurongo. Kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino. Hakuna kiunganishi cha "wa" kinacholegeza jina. Kitenzi chenyewe, toboa, kina mzizi mmoja na tobo na kitobo, na tobo ndiyo alama ya kwanza mkulima kuiona. Waliosema "mbawakawa-majani" wametupa makazi ya mdudu bila kazi yake, na makazi hayo hata kiwavi anayo.

Nimeshapingwa kwamba si wote wanaotoboa majani. Sawa: mabuu wa Ootheca, adui wa kunde na maharagwe, hula mizizi ardhini, na wadudu wa maharagwe yaliyohifadhiwa, ambao wataalamu wa leo wanawaweka ndani ya familia hii hii, huishi ndani ya punje. Lakini kivunjajungu naye havunji jungu, na hakuna aliyeitisha kikao kumbadilishia jina.

Kumtambua hakuhitaji maabara, kioo cha kukuzia kinatosha. Papasi zake kwa kawaida hazifikii nusu ya mwili. Pingili za wayo huonekana nne, kwa sababu moja ni ndogo na imejificha. Yule mwekundu mwenye madoa meusi anayekwangua majani ya mnavu (managu, kwa wana Nairobi) huonyesha tatu, kwa hiyo ni wa familia nyingine. Mwenye pua ndefu iliyochongoka ni fukusi, kama wale walioachiliwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya mwaka 1997 ili wale gugumaji, gugu lile lile lililofunika Bwawa la Nairobi bondeni karibu na Lindi. Kwenye sukuma wiki, mdogo mweusi mwenye mapaja manene ya nyuma, anayeruka ukimgusa na kuacha vitobo vya mviringo, ni kitoboajani halisi.

Kisha angalia mmea, maana wengi wao huchagua. Zygogramma hula gugu karoti, na kwa ajili hiyo India ilimleta kutoka Mexico mwaka 1984. Kumwita mende ni kumhukumu rafiki. Wengine hubeba maradhi. Virusi vya manjano vya mpunga viliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani karibu na Kisumu mwaka 1966, na ikaonekana baadaye kwamba vitoboajani huvihamisha kutoka mpunga hadi mpunga. Ootheca naye huhamisha virusi vya kunde.

Matumizi ni mepesi: kitoboajani huyu, vitoboajani hawa, kwa upatanisho wa viumbe hai, na jina la mmea hufuata: kitoboajani wa kunde, wa mpunga, wa viazi vitamu. Wa kwenye punje abaki na jina analoitwa sokoni.