Mimea inayofukuza wadudu katika mashamba ya alizeti na njugu

MITUNGUU, katika eneo la Imenti Kusini, Kaunti ya Meru, husifika kwa ndizi zinazokuzwa kwa maji ya kunyunyizia. Lakini shamba lisilofikiwa na mabomba hutegemea mvua, na huko alizeti na njugu huweza kumfaa mkulima kuliko ndizi. Soko lipo: Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia kutoka ng'ambo, hasa mawese.

Tatizo ni wadudu. Nondo wa funza wa vitumba hutaga mayai kwenye alizeti inapotoa maua, na viwavi wake hula mbegu changa. Njugu nazo huvamiwa na vidukari wanaoeneza rozeti, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka wa 1907, ambao hudumaza mmea usizae. Kunyunyizia alizeti dawa wakati wa maua ni kujitia hasara, kwa maana nyuki wanaoichavusha hufa na vichwa hujaa mapepe.

Ndipo mimea yenye harufu inapohitajika. Katika miaka ya 1990, Dkt Zeyaur Khan na wenzake wa taasisi ya ICIPE, kituo cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, walibuni mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, nayo nyasi ya napia pembezoni mwa shamba huwavutia. Hata hivyo, mbinu hiyo iliundwa kwa ajili ya nafaka. Mkulima wa alizeti achukue kanuni yake, asinakili kila kitu.

Kwa alizeti, dania ni chaguo jema. Ipandwe siku moja na alizeti, ili iwe imekomaa na kunukia kabla ya vitumba kutokea. Ikichelewa, nondo watakuwa wamekwisha kutaga. Maua yake pia huwavutia nyigu wadogo ambao ni maadui wa viwavi na vidukari. Mabangi, gugu la harufu kali linalofahamika sana nyanda za juu, hutumiwa vilevile, ila ling'olewe kabla ya kutoa mbegu, la sivyo msimu ujao litalitawala shamba.

Njugu zina dawa tofauti kidogo. Utafiti uliofanywa Malawi katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa maharagwe yakipandwa kati ya njugu, rozeti hupungua. Hapa si harufu. Majani ya maharagwe yana vinywele vyenye ndoano vinavyowanasa vidukari. Kupanda mapema na kwa msongamano husaidia pia, kwani vidukari hupendelea kutua penye udongo ulio wazi.

Anayeanza atenge kipande kimoja bila mchanganyiko, kisha ahesabu viwavi pande zote mbili. Ndege wanaodonoa alizeti iliyokomaa hawajali harufu yoyote. Hao bado watahitaji mlinzi.