Maporomoko Yasiyofikiwa na Reli: Historia ya Njia ya Murchison

Mto Nile unapokaribia Ziwa Albert, kaskazini-magharibi mwa Uganda, maji yake hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka kwa kimo cha mita 43. Hapo ndipo penye Maporomoko ya Murchison. Hakuna reli iliyowahi kufika mahali hapo. Tumezoea kusema kwamba mahali pa namna hii "pako mbali", kana kwamba umbali ni sifa ya mahali kama joto au mvua. Insha hii inajadili kwamba umbali wa Murchison una historia. Ulitengenezwa na watu, ukapunguzwa, kisha ukarudi, na katika kila hatua kulikuwa na aliyefaidika na aliyelipa gharama.

Kabla ya ukoloni, njia ya kufika hapo ilikuwa mikononi mwa Wanyoro. Samuel Baker na mkewe Florence walipoyaona maporomoko hayo mwaka 1864, walikuwa wamepita katika nchi ya Omukama Kamurasi wa Bunyoro kwa idhini yake, baada ya kusubirishwa sana. Walisafiri ziwani kwa mitumbwi ya wenyeji. Hata hivyo, jina walilolitoa halikuwa la wenyeji hao, bali la Roderick Murchison, rais wa Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza.

Miaka 30 baadaye Waingereza waliivamia Bunyoro. Omukama Kabalega alipigana nao hadi alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Vita vilipokwisha, ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi kando ya maziwa na mito. Kati ya mwaka 1907 na 1912 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa eneo la maporomoko. Mwaka 1910 sehemu ya ardhi hiyo ikafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 ikawa Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo, pori ambalo wageni walilisifu baadaye kwa ukimya wake lilikuwa na vijiji. Sehemu ya kwanza ya umbali wa Murchison ilitokana na kuondolewa kwa watu hao.

Katika kipindi hichohicho wazo la reli lilizuka. Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alisafiri kutoka Ziwa Victoria hadi kwenye maporomoko kwa mashua, kwa baiskeli na kwa miguu, huku mizigo ikibebwa na wapagazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 alipendekeza reli ya kuunganisha Ziwa Victoria na Ziwa Albert. Kipande cha kwanza kilijengwa: mwaka 1912 Reli ya Busoga ilitoka Jinja hadi Namasagali, bandari iliyo kwenye Nile kabla ya Ziwa Kyoga. Sehemu iliyobaki haikujengwa kamwe.

Badala yake ulitumika mnyororo wa treni, meli na magari. Katika miaka ya 1920 msafiri aliyetoka Mombasa alipanda treni hadi Kisumu, akavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja, kisha akapanda treni nyingine hadi Namasagali. Hapo alizikuta meli kama Stanley na Grant, zilizompitisha Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Kutoka hapo alipakiwa kwenye gari na kupita mji wa Masindi, ambako shirika la reli lilikuwa na hoteli, hadi bandari ya Butiaba kwenye Ziwa Albert. Meli ya mwisho ndiyo iliyompeleka karibu na maporomoko, au kumpitisha kuelekea Kongo na Sudani.

Kwa nini ilibidi kupanda gari katikati ya safari ya majini? Sababu ni maporomoko yenyewe. Kutoka Karuma hadi Murchison, Nile haipitiki kwa meli, hivyo mizigo ilishushwa na kuzungushwa kwa zaidi ya kilomita 100. Kwa nini basi reli haikujengwa kuziba pengo hilo? Reli hufuata mzigo. Pamba ya Busoga, Teso na Lango ilishuka kwa meli hadi Namasagali na kuingia kwenye mabehewa. Upande wa Ziwa Albert mzigo ulikuwa mdogo. Maporomoko hayakuwa na cha kupakia ila wageni wachache. Watalii walitumia njia iliyolipiwa na jasho la mkulima wa pamba.

Njia hiyo ilionekana ya kizamani ndege zilipokuja, lakini Januari 1954 ilithibitisha thamani yake. Ndege ndogo iliyomchukua mwandishi Ernest Hemingway na mkewe iligonga waya wa simu karibu na maporomoko na kuanguka. Mashua iliyopita mtoni iliwachukua hadi Butiaba. Huko walipanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ilipojaribu kuruka. Hatimaye walifika Masindi kwa gari, kwa barabara ileile ya zamani.

Mnyororo huo ulikatwa na mvua. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2, na mafuriko yakashuka na Nile hadi Kyoga na Albert. Magati ya Namasagali na Butiaba yalizama, na meli Robert Coryndon ikaishia majini Butiaba. Majengo ya reli ya Namasagali yakageuzwa shule. Mwaka 1964 reli mpya ya kaskazini ilifika Pakwach, pembeni mwa hifadhi, lakini nayo huduma yake ilikoma baadaye. Katika utawala wa Idi Amin maporomoko yaliitwa Kabalega. Jina hilo pia halikudumu.

Leo barabara za lami zinapita ndani ya hifadhi, na daraja limejengwa Paraa, palipokuwa na kivuko. Msukumo wake mkubwa ni mafuta, yaliyogunduliwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Kwa mara nyingine njia imefuata mzigo, na mtalii amefaidika kwa kupita tu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa Murchison, mwenyeji alihamishwa kabla mgeni hajafika. Kwa hiyo, mwanahistoria anayechunguza namna ya kufika mahali pa mbali anapaswa kuuliza maswali mawili zaidi: njia ilijengwa kubeba nini, na nani walikuwa wakiishi pale kabla pajaitwa mbali?