Nani alilipa historia yetu iandikwe?



Hapa Nyalukemba, wengi wenye kurudia kutoka kambi za Tanzania wanatuletea swali moja juu ya shamba: mababu wetu walifika pale lini, na nani aliwapa ile fasi? Kila upande uko na mzee wake na maneno yake. Maandishi yaliyofuatilia mambo hayo vizuri ni machache, na mengi yake yalianza kama teze za udaktari. Njo maana leo tunazungumza juu ya franga za teze.

Wa kwanza kulipiwa walikuwa wageni. IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka wa 1947 na iliyojenga kituo Lwiro, ilimwajiri Jan Vansina mwaka wa 1952. Utafiti wake kwa Wakuba ulimpa udaktari huko Leuven. Kisha uhuru, teze juu ya inchi yetu zilitoka Marekani: Jacques Depelchin juu ya Uvira (Stanford, 1974), Richard Sigwalt juu ya Bushi (Wisconsin, 1975), David Newbury juu ya Idjwi (Wisconsin, 1979). Ni kazi nzuri sana. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, na mzee aliyetoa maneno yake hawezi kuzisoma.

Na watoto wa hapa? Mwaka wa 1971 Mobutu aliunganisha iniversite zote tatu kuwa UNAZA, na masomo ya barua na historia yakapelekwa Lubumbashi. Kutoka Bukavu ilikuwa kushuka Uvira, kupanda mashua mpaka Kalemie, kisha treni. Hata hivyo walimu wa ISP Bukavu walijikaza, wakachapisha utafiti wao katika Cahiers du CERUKI. Mmoja wao, Bishikwabo Chubaka, aliandika historia ya Kaziba na kupata udaktari Louvain-la-Neuve mwaka wa 1982.

Njia ile ya Ubelgiji ilifinyana mwaka wa 1990. Kisha wanafunzi kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi mwezi wa tano, Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano wake na Zaire. Mwaka wa 1996 vita vikaja, na wengi wetu tukavuka ziwa Tanganyika. Bursi ya DAFI, iliyoanzishwa na HCR pamoja na Ujerumani mwaka wa 1992, imesomesha wakimbizi wengi, lakini inasimama kwenye diploma ya kwanza ya iniversite. CODESRIA ya Dakar imetoa misaada midogo kwa wanaoandika teze, na walioiomba ni wa Afrika nzima.

Teze ya historia haiombe mashine za bei kali. Inaomba wakati, mafuta ya pikipiki, na siku nyingi za kukaa na wazee. Mwalimu anayefundisha masomo matatu ili alishe watoto hana wakati huo, na wazee hawatamungojea.

Likelemba yetu haiwezi kulipa udaktari mzima. Inaweza kulipa safari ya Fizi ao Kalehe, na kuchapisha teze. Tunaomba wanamemba wakubali jambo hilo, na wafadhili waongeze sehemu yao, kwa sharti moja: mwanafunzi aandike mukhtasari kwa Kiswahili, na nakala irudishwe katika kila kijiji alikouliza. Siku tutakapoketi juu ya shamba, pande zote mbili ziwe na kitabu kimoja mbele yao.