Mkongwe

Kamusi humweka mkongwe karibu na kaburi: mtu aliyezeeka mno. Viwanjani neno limepata heshima. Collins Injera wa Kenya alikuwa na miaka 29 tu, tayari mkongwe, alipompita Santiago Gómez Cora wa Argentina mwenye trai 230, Mei 2016 jijini London, akaongoza wafungaji wote wa mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba kila upande. Mwaka uliofuata Dan Norton wa Uingereza akampita. Injera akasonga hadi 279.

Wachumaji chai wa Kericho na Bomet nao wanaujua ukongwe huu. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, jina tunalompa pia mchezaji mchanga. Chipukizi hilo huota juu ya mchai mkongwe, uliopogolewa mara nyingi, na bado unatoa.